Mwigizaji namba 27: uchambuzi wa kisa cha majeruhi wa maigizo aliyeugua kweli katikati ya zoezi la dharura

Usuli

Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ambacho viwanja vya ndege vya kimataifa hukifuata, kinaelekeza kwamba mpango wa dharura wa uwanja ujaribiwe kwa zoezi kamili kwa vipindi visivyozidi miaka miwili, na kwa mazoezi madogo zaidi katikati ya vipindi hivyo, au kwa mfululizo wa majaribio ya sehemu unaomalizika kwa zoezi kamili kwa vipindi visivyozidi miaka mitatu. Katika zoezi kamili magari ya zimamoto hutoka kweli, redio hutumika kweli na hospitali hupokea watu kweli. Ili wawepo watu wa kupokelewa, hutafutwa waigizaji wa majeruhi: wanafunzi, wanachama wa vikundi vya huduma ya kwanza, wakati mwingine askari mgambo. Hupakwa damu ya bandia, hupewa kadi inayoeleza jeraha, na kulazwa chini wasubiri kuokolewa.

Kisa hiki kilitokea katika uwanja mmoja wa ndege wa pwani ya Afrika Mashariki. Jina la uwanja, mwaka, taasisi zilizoshiriki na majina ya wahusika vimeondolewa, pamoja na maelezo mengine ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yeyote. Mwandishi alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kukichunguza baada ya zoezi. Tulisoma kumbukumbu za redio na fomu za watathmini, tukazungumza na waigizaji wenyewe, jambo ambalo ripoti ya kwanza ya zoezi haikuwa imelifanya.

Waigizaji walikuwa 40. Thelathini walikuwa wanafunzi wa chuo cha afya cha mjini, na kumi walitoka katika kikundi cha kujitolea cha huduma ya kwanza. Wote walikuwa wametimiza miaka 18. Basi kuukuu lililoegeshwa pembezoni mwa uwanja ndilo lililokuwa "ndege", na moshi ungetoka katika pipa lililojazwa vipande vya matairi na dizeli.

Jinsi zoezi lilivyopangwa

Mpango haukuandikwa upya. Waratibu walichukua ule wa zoezi lililotangulia, wakabadilisha tarehe, majina na idadi ya majeruhi. Zoezi la awali lilikuwa limefanyika mwezi Agosti, wakati wa kusi, upepo utokao kusini. Pipa liliwekwa kaskazini mwa basi, na moshi ulikwenda zake bila kumgusa mtu. Safari hii zoezi lilipangwa Februari, kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, ikiwa imeshika. Mchoro wa eneo ulibaki vilevile: pipa kaskazini, basi katikati, na turubai la kukusanyia majeruhi wa utepe mwekundu, yaani wanaohitaji msaada wa haraka zaidi, upande wa kusini magharibi. Mvuvi yeyote wa pwani ile angeweza kusema, bila kuangalia mchoro mara mbili, moshi ungeelekea wapi.

Asubuhi ya zoezi waigizaji walifika saa 12:30 ili wapakwe rangi. Walipanga foleni, na mezani walikutana na mtu aliyewauliza kila mmoja kwa sauti, "Una tatizo lolote la kiafya?" Aliyejibu hapana aliandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, akapewa kadi ya jeraha iliyokuwa juu ya rundo, kisha akasogea kwa wapaka rangi. Mwigizaji namba 27, msichana wa mwaka wa pili wa uuguzi, alijibu hapana. Alikuwa na pumu tangu utotoni.

Tulipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, hakusita kutueleza. Nyuma yake walisimama wenzake zaidi ya kumi waliokuwa wakisikia. Siku iliyotangulia ilitangazwa chuoni kwamba posho na chakula cha mchana vingetolewa kwa walioshiriki tu, na kwamba mahudhurio yangechukuliwa. Alichukulia kwamba angebaki pembeni kwa saa chache, na kwamba dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye mkoba.

Mikoba ilikusanywa dakika chache baadaye, pamoja na simu. Sababu ilikuwa ya maana. Katika zoezi lililotangulia mwigizaji mmoja alituma picha ya majeraha yake kwenye kundi la familia la WhatsApp, na jamaa zake wakafika langoni mwa uwanja wakilia. Waratibu hawakutaka hilo lijirudie. Mikoba ilifungiwa katika chumba cha ofisi, umbali wa takriban mita 400 kutoka kwenye basi, na ufunguo alikaa nao mtu ambaye baadaye alikwenda kumpokea mgeni rasmi.

Kadi ya namba 27 ilisomeka: ameungua uso na kifua, amevuta moshi, anapumua kwa shida, pumzi 34 kwa dakika, anapiga kelele. Alipakwa masizi usoni, rangi ya samawati midomoni ili aonekane amekosa hewa, na nta nyekundu kwenye vidole vya mikono yote miwili.

Mfululizo wa matukio

Zoezi lilipangwa kuanza saa 3:00 asubuhi. Mgeni rasmi alichelewa, kisha ndege mbili za abiria zikaomba kutua, na waratibu wakaamua kusubiri. Waigizaji walibaki ndani ya basi na pembeni yake, jua likipanda. Joto kivulini lilifika nyuzi 32. Maji yaliletwa mara moja, saa 4:00.

Saa 5:20 pipa liliwashwa. Moshi ulitoka mweusi na mzito, ukalala upande wa kusini magharibi. Saa 5:27 gari la kwanza la zimamoto lilifika, likifuatiwa na la pili. Gari la tatu liliachwa makusudi kituoni na wazima moto wake, ili safari za ndege zinazoendelea zisikose ulinzi.

Magari ya wagonjwa yalipaswa kuwa manne: matatu ya zoezi, na la nne la kusubiri langoni kwa dharura ya kweli. Moja kati ya yale matatu liliharibika njiani. Saa 5:31 mdhibiti wa eneo, akiona foleni ya majeruhi inakua, aliliita la nne liingie kwenye zoezi. Uamuzi huo ulichukua sekunde chache redioni, na hakuna aliyeuhoji. Saa 5:44 gari hilo liliondoka kwenda hospitali likiwa na waigizaji wawili wazima.

Namba 27 alitolewa ndani ya basi saa 5:33. Mwokoaji aliinama, akasoma kadi iliyoning'inia shingoni, akamfunga utepe mwekundu na kuagiza abebwe hadi kwenye turubai. Hakuhesabu pumzi zake. Hakupaswa kuhesabu, kwa maana kanuni ya zoezi, iliyosomwa kwa waokoaji wote, ilisema: tumieni takwimu zilizo kwenye kadi. Turubai lilikuwa hatua 25 hivi kutoka kwenye pipa, na moshi ulipita juu yake moja kwa moja.

Kwa dakika kadhaa alipiga kelele kama alivyoelekezwa. Mtathmini aliyesimama karibu aliandika kwenye fomu yake, saa 5:38, kwamba "mwigizaji wa 27 anaigiza vizuri sana, anastahili pongezi." Fomu hiyo tuliiona. Kwa kadiri tulivyoweza kupanga muda kutokana na maelezo ya waliokuwa naye, wakati sentensi ile inaandikwa alikuwa tayari anabanwa.

Saa 5:41 alinyamaza. Mwenzake aliyelala kushoto alisimulia kwamba alimwona ameketi, ameinama mbele, viganja vimekaza juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alimsikia akisema, "Dawa yangu." Mwenzake huyo, ambaye kadi yake ilimtaka awe amepoteza fahamu, alifumbua macho na kumwita mwokoaji: "Kaka, huyu anaumwa kweli." Mwokoaji alimjibu kwa upole kwamba wote wangeshughulikiwa kwa zamu. Tangu zoezi lianze alikuwa amesikia maneno hayohayo kutoka kwa watu wengi, kwa sababu waigizaji walielekezwa wayaseme.

Aliyeutambua ugonjwa ni mkufunzi wao wa uuguzi, aliyekuwa ameketi katika hema la watazamaji. Saa 5:46 aliinuka na kuvuka utepe uliowazuia watazamaji. Mdhibiti kijana alimzuia.

"Mama, naomba urudi nyuma ya utepe. Zoezi bado linaendelea."

"Mwanangu, yule haigizi. Mtu wa pumu akinyamaza ndiyo hatari."

"Nitauliza kwa mkuu, Mama. Subiri kidogo."

Aliuliza. Njia ya redio ilikuwa moja tu, na ilijaa taarifa za zoezi: idadi ya majeruhi, maombi ya machela, salamu za mgeni rasmi aliyekuwa akitambulishwa. Ilichukua dakika tatu kupata nafasi. Hapo mkufunzi alikwisha kuacha kusubiri. Alimpita, akapiga magoti kando ya mwanafunzi wake na kuanza kumfuta masizi kwa ncha ya mtandio wake ili aone rangi ya ngozi. Saa 5:52 mratibu mkuu alipuliza filimbi na zoezi likasimama.

Muuguzi wa zahanati ya uwanja aliletwa kwa gari dogo la wazi, akiwa na mtungi wa oksijeni na salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakikusoma chochote mpaka nta ilipokwanguliwa kwa ukucha. Dawa ilianza kuingia saa 5:58, dakika 17 tangu aliponyamaza. Saa 6:10 gari la wagonjwa lilirudi kutoka hospitali na kumchukua.

Wakati huo wote watu watano walikuwa wamelala upande wa pili wa basi, wamefunikwa karatasi za plastiki. Hao walikuwa "marehemu". Waliambiwa wasiinuke mpaka watakapoambiwa, na hakuna aliyewaambia. Filimbi waliisikia, lakini filimbi zilikuwa zimepulizwa mara nyingi asubuhi ile. Walifunuliwa saa 6:25, baada ya mwanafunzi mmoja kuuliza wenzake wako wapi. Mmoja alipoinuka alianguka na kuzimia.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kuusoma mfululizo huu na kuona uzembe kila mahali. Sivyo tulivyouona. Karibu kila uamuzi uliochangia tukio ulikuwa na sababu inayoeleweka, na wengi wa waliouamua walikuwa watu makini.

Simu na mikoba vilikusanywa kwa sababu familia ziliwahi kutishwa. Kadi zilitolewa kwa mpangilio wa foleni ili pasiwe na upendeleo wa nani apewe jeraha jepesi. Waokoaji waliambiwa waamini kadi kwa sababu mwigizaji mzima hawezi kushusha mapigo ya moyo wake au kupandisha pumzi zake kwa nusu saa, na bila kanuni hiyo kila mtu angefungwa utepe wa kijani, ule wa wenye majeraha madogo. Gari la nne liliitwa kwa sababu zoezi lilikuwa linakwama mbele ya wageni. Kusubiri kwa zaidi ya saa mbili juani kulitokana na kuogopa kuanza bila mgeni rasmi, na hilo pekee ndilo ambalo siwezi kulipatia sababu ya kitaalamu.

Afisa usalama wa zoezi alikuwepo kwenye mpango kwa jina. Siku yenyewe mtu huyohuyo alikuwa pia msimamizi wa magari na mshika redio wa mratibu mkuu. Neno la kusimamisha zoezi lilikuwepo pia katika waraka, nalo lilikuwa "hali ya kweli". Wadhibiti walilifahamu. Waigizaji hawakuambiwa, na waokoaji waliotoka mjini walifika baada ya maelezo ya asubuhi kumalizika.

Matokeo

Namba 27 alilazwa usiku mmoja na kuruhusiwa kesho yake. Gharama za matibabu zililipwa na waandaaji baada ya chuo kuandika barua. "Marehemu" aliyezimia alipata nafuu kwa maji na kivuli. Wengine wawili waliokuwa naye walitoka malengelenge kwenye viwiko na ndama za miguu, mahali ngozi ilipogusa lami. Lami iliyopigwa na jua la mchana inaweza kupita nyuzi 50 hewa ikiwa 32 tu, na karatasi ya plastiki juu ya mwili huzuia jasho lisikauke. Mwigizaji mwingine, aliyewahi kupoteza ndugu katika ajali, alilia kwa muda mrefu baada ya kufungwa utepe mweusi, ule wa marehemu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla ya hapo.

Ripoti ya kwanza ya zoezi, iliyoandikwa kabla ya uchunguzi wetu, ilitoa alama nzuri kwa kasi ya zimamoto na ikataja tukio lote katika mstari mmoja: "Mwigizaji mmoja alipata changamoto ya kiafya na kusaidiwa."

Uchambuzi

*Kadi iliyofanana na ugonjwa.* Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Mtu mwenye pumu alipewa jukumu la kuigiza mtu anayeshindwa kupumua, akawekwa penye moshi, midomo yake ikapakwa rangi ambayo ni dalili ya kukosa oksijeni. Kila ishara ambayo mwili wake ungetumia kuomba msaada ilikuwa imekwisha kutumika kama pambo la zoezi. Mwokoaji hakuwa kipofu. Aliona alichoambiwa ataona. Tangu hapo tunashauri mambo mawili ambayo hayana gharama. Kwanza, kadi igawiwe baada ya afya ya mwigizaji kujulikana, na asipewe mtu jeraha linalofanana na ugonjwa alio nao: mwenye kifafa asiigize degedege, mwenye shinikizo la damu asiigize maumivu ya kifua. Pili, midomo na vidole vya mkono mmoja visipakwe chochote, hata kama picha haitapendeza kama ilivyotarajiwa.

*Swali lililoulizwa kwenye foleni.* Waratibu walisema, kwa haki kabisa, kwamba waliuliza na wakajibiwa hapana. Ila swali la afya linaloulizwa mbele ya wenzako, huku posho ikitegemea jibu, haliwezi kupata jibu la kweli. Wanafunzi hawa waliitwa watu wa kujitolea, lakini chuo kilichukua mahudhurio. Maswali ya afya yanapaswa kujibiwa kwa maandishi, faraghani, siku kadhaa kabla, mbele ya mtu wa afya asiye mwalimu wao, na posho itolewe kwa kila aliyefika hata akikutwa hafai kulala chini. Zoezi lina kazi nyingi za mtu mwenye pumu: kuandika muda, kugawa maji, kuigiza ndugu wa majeruhi hospitalini.

*Mpangilio wa hatari umegeuka.* Jambo hili tulilielewa tulipochora nani alikaa juani kwa muda gani. Katika ajali halisi, uainishaji wa majeruhi huwapa kipaumbele wenye utepe mwekundu, kisha wa njano, kisha wa kijani, na weusi huachwa mwisho kwa kuwa hawana cha kupoteza. Katika zoezi wote ni wazima, na mpangilio uleule unamtesa asiyestahili. Wa kijani walitembea wenyewe hadi kivulini ndani ya dakika kumi. Wa nyekundu walibebwa. "Marehemu", ambao mfumo wote umefundishwa kuwapita, walikaa juu ya lami kwa zaidi ya saa moja chini ya plastiki, bila mtu wa kuwaangalia, kwa sababu hakuna mwokoaji anayepimwa kwa kumhudumia maiti. Kwa maoni yangu, mtu hai asipewe kabisa jukumu la maiti katika zoezi la nje kwenye joto la pwani. Sanamu au magunia ya mchanga yaliyovishwa nguo yanatosha, na hayo ndiyo ya kutumia pia mahali popote panapohitaji kukata chuma au kushusha mtu kutoka juu. Kama ni lazima awe mtu, basi afungwe utepe, aandikwe, kisha ainuke na kwenda kivulini, na gunia libaki mahali pake.

*Neno la kusimamisha.* Maneno "anaumwa kweli" yalisemwa saa 5:41 na hayakusimamisha kitu, kwa sababu waigizaji wote walikuwa wakiyasema. Neno la kusimamisha lazima liwe ambalo hakuna mwigizaji angelitamka kwa bahati, lifundishwe kwa kila aliyepo pamoja na mgeni rasmi, na lijaribiwe kwa sauti kabla moto haujawashwa. Lakini neno halimsaidii asiyeweza kusema. Mtu aliyebanwa kifua hana pumzi ya kutamka chochote, na aliyezidiwa na joto huenda hajui kwamba amezidiwa. Ndiyo maana ulinzi wa mwigizaji usitegemee uwezo wake wa kuaminiwa. Awepo mwangalizi mmoja kwa kila waigizaji watano, aliyevaa kizibao cha rangi isiyotumiwa na mwingine, asiye na kazi nyingine yoyote, anayepita kila baada ya dakika tano akimgusa kila mmoja begani na kumtaka ajibu kwa ishara ya kidole gumba. Asiyejibu mara moja, zoezi linasimama.

Waandaaji wengine wametuambia kwamba waangalizi wanaotembea katikati ya majeruhi wanaharibu uhalisia. Uhalisia unaotakiwa ni wa mwokoaji kujifunza kufanya kazi penye kelele na vurugu, na hayo yanabaki hata mwangalizi akiwepo. Zaidi ya hapo, zoezi linalomzoeza mwokoaji kusoma kadi bila kuutazama mwili limemfundisha jambo ambalo siku ya ajali ya kweli litamgharimu. Tumependekeza kwamba kila mwokoaji, kabla ya kusoma kadi, amwulize mwigizaji kwa sauti ya chini swali moja la kweli: "Uko salama?" Inachukua sekunde tatu.

*Gari la akiba.* Uwanja ulitenga gari la zimamoto kwa ajili ya ndege, na katika asubuhi yote ngumu hakuna aliyethubutu kuligusa, kwa sababu kanuni za usafiri wa anga ziko wazi na leseni ya uwanja inazitegemea. Gari la wagonjwa lililotengwa kwa ajili ya waigizaji lilichukuliwa kwa sentensi moja redioni. Tofauti haikuwa ya nia njema. Gari la zimamoto lilikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kukataa, na gari la wagonjwa halikuwa naye. Afisa usalama wa zoezi ndiye anayepaswa kuwa mtu huyo, awe na njia yake ya redio, asiwe na kazi ya pili, na kauli yake isipinduliwe na mratibu mkuu.

*Upepo.* Mchoro wa Agosti haufai Februari. Siku moja kabla ya zoezi mtu asimame mahali pipa litakapowekwa, awashe majani kidogo na kutazama. Matairi yasichomwe karibu na watu katika msimu wowote.

*Yaliyofanya kazi.* Namba zilizoandikwa mikononi ziliwezesha kumtambua kila mwigizaji hata baada ya rangi na vumbi. Muuguzi wa zahanati alifika akiwa na mtungi uliojaa na dawa isiyopitwa na wakati, jambo ambalo si la kawaida kila mahali. Mratibu mkuu, alipoelewa, alisimamisha zoezi bila kutazama jukwaa la wageni. Na mkufunzi alikuwepo, ingawa hakuwa kwenye mpango wowote: alikuja kwa sababu aliona vibaya kuwatuma wanafunzi wake peke yao. Zoezi liliokolewa na mtu ambaye utaratibu ulimweka nyuma ya utepe.

Kisa cha jirani

Kisa hiki kisomwe pamoja na kingine kinachojulikana hadharani. Tarehe 30 Novemba 2015 chuo kikuu kimoja jijini Nairobi kilifanya zoezi la shambulio la kigaidi, na milio ya risasi ikasikika bila wanafunzi na wafanyakazi wengi kujua kwamba ni zoezi. Ilikuwa miezi michache tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili, lililoua watu 148. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa.

Kule watu waligeuzwa kuwa waigizaji bila kuambiwa. Hapa waliambiwa, wakapakwa rangi na kupewa kadi. Kinachoviunganisha visa hivi ni kwamba katika vyote viwili hofu au maumivu ya kweli hayakuwa na njia ya kujitofautisha na ya maigizo kwa wale waliokuwa na uwezo wa kusimamisha. Zoezi la aina yoyote linalowahusisha watu wazima wa afya lazima lijibu kwanza swali hilo, kabla ya kuuliza magari yatafika kwa dakika ngapi.

Yaliyobadilika baadaye

Zoezi lililofuata uwanjani hapo lilianza saa 2:10 asubuhi, bila kumsubiri mtu. Pipa la matairi liliondolewa na mahali pake ikatumika mashine ya moshi wa jukwaani, iliyowekwa mbali na waigizaji kwa kuwa hata moshi huo unaweza kumbana mwenye pumu. "Marehemu" wote walikuwa magunia. Fomu za afya zilijazwa wiki moja kabla, na waigizaji sita walihamishiwa kazi nyingine. Idara ya fedha ilikataa mwanzoni kuwalipa sita hao kwa hoja kwamba hawakuigiza, ikakubali walipoandikwa kuwa wahudumu wa zoezi.

Waangalizi walisimamisha zoezi mara mbili. Mara ya kwanza mwigizaji alikuwa ameshikwa na mkakamao wa misuli ya mguu. Mara ya pili alikuwa amesinzia tu. Dakika tisa zilipotea kwa jumla, na rasimu ya ripoti iliziandika chini ya kichwa cha mapungufu. Tuliomba mistari hiyo ihamishwe kwenye orodha ya yaliyofanyika vizuri, na ikahamishwa.